Majembe Arobaini na Moja

Werema Matiko alizaliwa Nyamisangura, pale Tarime, mwaka ule nzige walipokula mazao yote wakamalizia na nyasi za mapaa. Labda ndiyo sababu tangu utotoni alipenda kujua kitu kimebaki kiasi gani. Alipima kwa hatua njia ya kwenda mtoni, akapima kwa shubiri mlango wa kila nyumba aliyoingia, na mama yake alipompa ugali aliutazama kwanza upande huu na upande ule, kama mnunuzi wa ngozi. Baba yake hakuwa mtu wa fimbo. Alimchapa mara moja tu, siku alipomkuta zizini ananyoosha kidole kwa ng'ombe mmoja mmoja: moja, mbili, tatu. Kwao ng'ombe hutajwa kwa rangi na kwa mama zao, lakini hawahesabiwi. Na kumhesabu binadamu ni kukielekeza kifo nyumbani kwake. Werema alikula fimbo zake na somo likamwingia. Tangu siku hiyo alihesabu kila kitu duniani isipokuwa chenye pumzi.

Kwa mtu wa namna hiyo, kazi aliyoipata mwaka 1955 ilikuwa kama nguo aliyoshonewa mwenyewe. Serikali ilitaka makarani wa kupima kazi ya mashambani: shamba lina ukubwa gani, limetoa nini, na limekula siku ngapi za watu. Werema, aliyemaliza darasa la nane misheni, alipewa mnyororo wa kupimia, mizani ya ndoano, saa ya mfukoni, na mkoba wa fomu.

Mkubwa wake alikuwa Mzungu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye watu walimwita Bwana Mizani. Siku ya kwanza aliwaonyesha makarani karatasi kubwa yenye mistari ya wino, mirefu na mifupi. Kila mstari, alisema, ni kile anachotoa mtu mmoja kwa siku moja ya kazi. Huu ni mgodi wa dhahabu, huu ni kinu cha pamba, hili ni shamba la katani. Kisha akafunua karatasi ya pili, na hapo kila mstari ulikuwa nchi nzima. Kulikuwa na nchi ambazo mstari wao ulitoka pembe hii ya karatasi ukaenda kugonga pembe ile. Wa Tanganyika ulikuwa mfupi kama kucha ya kidole gumba.

Werema alisimama pale mpaka wenzake wakatoka kwenda kunywa chai. Aliona haya, ni kweli, maana nani hupenda nchi yake iwe kucha? Lakini zaidi ya haya aliona ajabu iliyomfanya asahau chai. Kumbe jasho la mamilioni ya watu, wanaoamka na kulala wasijuane, linaweza kuwekwa kwenye karatasi moja likatazamwa kwa jicho moja. Alitamani kuwa mmoja wa watu wanaochora mistari ile.

Akapelekwa Nyambureti. Hapo kulikuwa na jambo jipya lililowafanya watu wampokee vizuri kuliko makarani waliomtangulia. Bwana Mizani alikuwa ametangaza kwamba baada ya mavuno, katika eneo lote mpaka Mbalibali, nyumba moja itapewa plau ya chuma. Haitapewa nyumba yenye shamba kubwa, bali ile iliyotoa mavuno mengi kwa kila siku moja ya mtu. Kila mtu aliitaka plau ile. Mokami aliihitaji.

Mokami alikuwa mjane wa makamo, mweusi, mfupi, mwenye maneno machache yaliyopangwa vizuri. Miaka miwili nyuma alikuwa ameanguka kutoka kwenye kihenge cha wimbi akateguka bega la kulia, na bega halikurudi sawasawa. Kupalilia aliweza, polepole. Kuinua jembe kuvunja ardhi hakuweza tena. Ardhi yake ililimwa na risaga, kama ilivyo desturi: unapika pombe ya wimbi, majirani wanakuja na majembe, wanalima siku nzima, na wewe unabaki na deni la siku moja kwa kila aliyekuja. Siku yake ikifika, unakwenda na jembe lako. Misimu miwili watu walikuwa wamekuja kwa Mokami, na misimu miwili yeye hakwenda kwa mtu. Hakuna aliyemdai. Lakini desturi ilijulikana: mama akishindwa kulipa siku zake, humfuata mtoto. Mtoto wa Mokami alikuwa mmoja, Teresia, na tayari alikuwa amechumbiwa kwa watu wa Nata. Angekwendaje kwa mume akiwa na mzigo wa siku za kijiji kizima? Hivyo harusi ilikuwa imekaa tu, inasubiri.

"Ng'ombe wa kulimia ninao wawili, baba yake Teresia aliniachia," Mokami alimwambia Werema siku walipojuana. "Nikiwa na plau, bega si kitu. Teresia atashika plau, mimi nitaongoza ng'ombe, tulipe."

Siku ya risaga, mwezi wa kwanza, Werema alifika mchana, watu wamekaa kivulini wanakula. Fomu ilitaka idadi ya watu waliolima. Akawatazama, wanaume kwa wanawake, wana pumzi zao, wanacheka, na mkono ukamwia mzito. Basi akafanya jambo ambalo karani wa Dar es Salaam asingelifikiria: akaenda ukingoni mwa shamba, majembe yalikolazwa, akayahesabu. Jembe halina roho. Yalikuwa arobaini na moja. Akaandika watu arobaini na moja, akaona amekuwa mwerevu.

Kila wiki alirudi akaandika siku za Mokami na Teresia, za kupalilia na za kuvuna. Jumla ikawa hamsini na tisa. Mwezi wa saba wimbi likapimwa kwa mizani ya ndoano: magunia matano, ratli mia mbili kila moja. Werema alifanya hesabu yake kwa penseli: ratli elfu moja, siku mia moja. Akafunga mkoba kwa moyo mzito, maana tayari alikuwa na karatasi ya Simioni wa Mbalibali, ambaye hulima na wanawe mwenyewe bila risaga.

"Shikamoo mama," alisema alipokwenda kumpa habari.

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Umepata kumi, mama. Ratli kumi kwa kila siku ya mtu. Simioni amepata kumi na moja na nusu. Jumamosi Bwana atatangaza."

Mokami alikaa akifikicha punje za wimbi kiganjani. Halafu akauliza, kwa sababu kuuliza si ujinga, "Hiyo kumi imetoka wapi?"

Werema akamweleza: mavuno yamegawanywa kwa siku. Zako na za Teresia, na za siku ya risaga, arobaini na moja.

"Arobaini na moja umezitoa wapi?"

"Nilihesabu majembe."

Uso wa Mokami ukawa kama wa mtu anayejizuia asimcheke mgeni. "Kwenu Tarime, mtu asipokuja kwenye risaga hutuma nini?"

"Hatumi kitu. Hakuja, hakuja."

"Hapa hutuma jembe," Mokami akasema. "Ana mgonjwa, ana mgeni, ana ng'ombe amezaa, basi jembe linakuja kusema tuko pamoja. Na mlimaji jembe lake likilegea mpini, anachukua hilo hasimami. Jioni linarudi kwao limeoshwa. Jembe la namna hiyo halina deni, mwanangu. Halikuleta mtu."

Werema akafungua mkoba, akazitazama fomu zake. Si fomu ya Mokami peke yake. Nyumba kumi na moja za Nyambureti alizipima hivyo hivyo, kwa werevu wake ule ule.

"Sasa watu walikuwa wangapi?" aliuliza, na papo hapo akajutia swali.

"Wangapi sijui, na wewe usiniulize," Mokami akajibu. "Lakini nani ana siku kwangu, hilo najua. Andika."

Akaanza. Werema akaandika jina moja kwenye kila mstari wa daftari lake, na alikuwa hajafika mstari wa tano akaanza kusikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia ofisini wala misheni. Nikolaus, siku nzima, lakini alianza upande wa kichuguu, kwa hiyo ni siku na robo. Regina, nusu siku, alikuwa mjamzito, ila nusu yake ilifika mbali kuliko siku ya Tomaso, kwa hiyo awekwe sawa naye. Tomaso shamba lake ni la mawe. Mokami akienda kumlipa huko, jua moja litatosha kwa majua mawili. Agustina alikuja na jembe jipya lililokata vizuri, na jembe jipya ni la baba yake, kwa hiyo sehemu ya siku ile ni ya baba yake. Mokami aliendelea, macho kwenye punje za kiganjani, hana daftari, hana penseli. Msimu huu ulipokwisha akaingia ule uliopita, kisha bila kuombwa akarudi nyuma: nyumba gani ilikuwa inalima sana enzi za mume wake na sasa imelegea, na imelegea kwa nini, koo gani za Wanata hulima haraka lakini kina kifupi, vijana waliorudi kutoka mgodini hulima siku mbili kwa nguvu na ya tatu wamelala. Alikuwa nayo kichwani kazi ya nchi nzima, ya miaka ishirini, imepimwa kwa ardhi, kwa jembe na kwa hali ya mtu.

Ofisini walipenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Werema alimtazama yule mama na bega lake lililoshuka, na hofu ya heshima ikamshika, kama ile ya kanisani. Akaikumbuka karatasi ya Bwana Mizani. Mstari wa Tanganyika, mfupi kama kucha, nani aliupima? Aliwauliza watu, au naye alihesabu majembe?

Daftari lake lilikuwa la kiwandani, kila ukurasa una mistari ishirini, na namba zimechapwa pembeni. Majina ya msimu uliopimwa yalijaza ukurasa mzima, na moja likavuka upande wa pili. Werema hakulazimika kumhesabu mtu.

Kambi ya Bwana Mizani ilikuwa upande wa Ikoma, mwendo wa siku nzima. Kesho yake alfajiri Werema akaondoka. Njiani alijiambia mara nyingi kwamba angeweza kunyamaza. Kazi ilikuwa nzuri, na karani anayekwenda kujishtaki mwenyewe haonekani kila siku.

"Kwa nini hukuhesabu watu?" Bwana Mizani aliuliza, kwa sauti yake ndogo.

"Kwetu watu hawahesabiwi, bwana."

"Basi kazi yako yote ya Nyambureti ni bure."

"Ni bure, bwana. Nitairudia."

Mzungu alichukua penseli. Siku hamsini na tisa, na ishirini na moja. Themanini. Aligawanya mara moja, akagawanya tena kwa njia nyingine, kama mtu asiyeamini mkono wake. Kumi na mbili na nusu. Alisogeza tangazo mbele wiki mbili, akamwamuru Werema arudie nyumba zote kumi na moja kwa miguu yake, na akikosea tena, mkoba arudishe. Werema alizirudia. Kila nyumba alikaa chini akaomba majina, na kila nyumba ilikuwa na mtu wake mmoja, bibi au mama, aliyekuwa nayo yote kichwani.

Hakuna aliyempita Mokami. Plau ikaenda kwake.

Mwezi wa tisa Werema alipata likizo akarudi Nyamisangura. Siku ya nne asubuhi alikuwa akirekebisha ua wa mama yake aliposikia mtu anaswaga ng'ombe. Walikuwa Nikolaus, yule jirani aliyeanzia upande wa kichuguu, na Teresia, vumbi mpaka kwenye nyusi, wamevuka mto Mara maji yakiwa machache, na ng'ombe wawili, na plau juu ya kigogo cha kuburuta.

"Mama anakusalimu," Teresia alisema baada ya kumwamkia mama yake Werema. "Anasema siku zako ni tatu. Moja ulikaa ukamsikiliza, moja ulikwenda Ikoma, moja ulirudi. Ya kurudi ulikutana na nyati, lakini nyati haongezi siku."

Werema alijaribu kucheka. "Mwambie mama ile ilikuwa kazi yangu. Nalipwa mshahara."

"Nilimwambia. Akasema mshahara ni wa kupima, si wa kurudi kusema umekosea."

"Basi plau ni siku moja tu. Kwa plau siku moja inatosha."

"Kwa wengine ndiyo. Amepima mwenyewe: siku moja ya plau ni tano za jembe, na kwa Tomaso kwenye mawe ni tatu. Lakini wewe ulitembea kwa miguu, na miguu haina plau. Siku tatu."

Wakalima siku tatu. Mama yake Werema aliwapikia, na majirani wa Nyamisangura wakaja kutazama, maana plau walikuwa wameisikia tu. Werema alitembea nyuma ya plau kwenye mfereji, mikono mitupu, hana mnyororo wala saa. Alikuwa amewaandika watu wa Nyambureti wote kwenye fomu, na hakuna siku aliyowaza kwamba naye, kijana wa Tarime aliyepita na mkoba, ameandikwa mahali, siku zake zote tatu, na nyati wake.

Siku ya tatu jua lilipoinamia magharibi, Teresia akasimamisha ng'ombe katikati ya shamba, akawafungua nira.

"Za kijijini tulimaliza wiki iliyopita," alisema. "Zako ndizo zilikuwa zimebaki."

Akafuta mikono kwenye kanga, akamshika mkono Werema kwa kuagana, kisha mama yake.

"Naolewa Jumamosi," akasema. "Sasa naenda mtu mtupu, bila siku ya mtu mgongoni."