Jeki, Mota ya Waipa na Kiti cha Chacha

Siku yangu ya kwanza kazini, pale karakana ya Bomani mjini Tarime, nilichafuka grisi kabla sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Mkuu wa Karakana alinitazama, msichana wa kutoka Tabora mwenye gauni jipya.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, binti. Vua saa hiyo. Mashine za hapa zinakula mikono yenye mapambo."

Alinifundisha kusikiliza mashine kabla ya kushika spana. Mpaka leo, hapa mtaa wa Nkende mjini Tarime ninapoishi, nikisikia mashine ya kusaga ikikohoa, miguu yangu hugeukia huko yenyewe.

Baadaye nilihamishiwa wilaya ya Serengeti, kwenye shamba la mafunzo ya bustani. Palikuwa na trekta dogo na dereva wake, Chacha. Plau, yaani jembe la chuma linalokokotwa nyuma, iliinuliwa kwa mkono. Kila ukifika mwisho wa shamba unavuta wenzo mzito kando ya kiti, unageuza trekta, unaushusha tena. Chacha aliuvuta miaka mingi, mgongo ukagoma.

Mkuu wa Shamba, mtu mpole, aliniambia kwa huzuni, "Fundi, msimu ujao trekta nampa mwingine. Chacha atalinda geti."

Nilipomfikishia habari, Chacha alicheka. "Nilinde geti? Nyanya zitatorokea wapi?" Lakini hakunitazama usoni.

Nikaomba nipewe muda hadi mvua za kwanza, nitengeneze kinyanyuzi cha umeme. Msomaji kijana, usiogope jina hilo. Nilichukua jeki ya skrubu ya gari dogo na mota ya waipa, ile inayofuta maji kwenye kioo. Mota huzungusha skrubu, jeki hupanda na kusukuma mkono wa chuma, mkono huvuta plau juu. Uzuri wa skrubu ni kwamba ukizima umeme mzigo haushuki. Betri ya trekta ilitosha. Niliweka fyuzi, na swichi yenye njia mbili: kupandisha, na kushusha kwa kugeuza nyaya. Mota niliitenga na chuma cha trekta kwa mpira wa tairi na vibomba vya plastiki kwenye bolti, la sivyo ukigeuza nyaya umeme unapitia kwenye chuma na fyuzi inaungua.

Siku ya majaribio mkono niliuunga na plau kwa nondo. Ilipanda vizuri, wanafunzi wakapiga vigelegele. Tulipoanza kulima, gurudumu la mbele likapanda kichuguu, nyuma kukainama, plau ikazama na trekta likazimika.

"Dada, umeifunga miguu!" Chacha alipaza sauti. "Iache itembee!"

Tuliinama wote wawili kuitazama, na hapo tukaelewa. Plau inataka kuifuata ardhi. Tukaitoa nondo, tukaweka mnyororo. Mnyororo huvuta unapopandisha, lakini plau ikishafika chini mnyororo hulegea. Ukitengeneza chako, anza na mnyororo.

Mkuu wa Shamba alipanda akajaribu swichi mwenyewe, juu, chini, juu, kama mtoto. "Chacha," akasema, "geti tutalitafutia mtu mwingine."

Ila kitu ambacho sikukifikiria ni hiki: kwa kuwa sasa kidole kimoja kinatosha, kila mwanafunzi alitaka kuendesha. Chacha akafanywa mwalimu wao. Kiti nilichompigania akawa anakitazama kutoka chini, akitembea kandokando ya trekta na kupiga kelele: "Shusha, mama, shusha! Unalima mawingu?" Wanafunzi walimpenda. Mimi nilimwona akipitisha kiganja kwenye kiti kila jioni, akidai anafuta vumbi.

Nilistaafu nikarudi Tarime. Watoto wanasema nipumzike, nami nimeshapumzika hadi nimechoka.

Majuzi Chacha alinipigia simu. "Dada, swichi imekwama. Mafundi wa siku hizi hawaiwezi." Asubuhi nikapanda gari na mfuko wangu wa spana. Nilimkuta kwenye kiti cha trekta, kofia kichwani, mvi zimemjaa. Nilifungua swichi. Ilikuwa nzima, safi, ina mafuta mapya.

Nikaitazama kwa muda, kisha nikamtazama yeye.

"Imekwama kweli," nikasema. "Itatuchukua mchana mzima. Usishuke, nitahitaji mtu wa kuijaribu."

"Sishuki," alisema, akawasha injini.