Maji ya Kuoshea Mabuti

Kazini walimwita Mama Hadubini, naye hakukataa, maana kwa miaka kumi na tisa jicho lake lilikitazama kioo cha hadubini zaidi kuliko lilivyomtazama mumewe. Aliokota kinyesi cha mbweha na fisi porini, akakigandisha kwenye friza kali ya maabara ili mayai ya minyoo yafe, ndipo akayatafuta. Usicheke, kazi ni kazi. Chini ya kioo mayai ya tegu yalikaa kimya, mviringo, mwanga umeyazunguka, naye akiyatazama alisahau hata chai yake ikapoa.

Glavu alivaa. Barakoa alivaa. Lakini kinyozi hajinyoi: mabuti ya porini aliyaosha kwenye bomba la nyuma ya nyumba, na maji yakajiendea taratibu hadi kwenye tuta la mumewe, fundi saa mstaafu. Mzee huyo alikuwa na mchezo wa kung'oa karoti, kuifuta kwenye suruali na kuitafuna palepale.

Miaka ikapita, kisha ubavu wa kulia ukaanza kumuuma mzee. Hospitali wakampandisha kitandani, shati juu. Kwenye skrini ya ultrasaundi, ndani ya ini, duara jeusi likaonekana kama linaelea. Mama Hadubini akalitazama kama mtu aliye ndotoni. Kwa kitambo kidogo aliliona zuri, Mungu amsamehe.

"Ni maji tu haya," daktari alisema. "Nitayanyonya kwa sindano. Nyumbani mna mbwa?"

"Hatuna hata paka," mume akajibu.

Hapo ndoto ikamtoka Mama Hadubini. Duara lile lilikuwa mfuko, na ukichomwa ovyo, maji yake yakamwagika tumboni, mtu anaweza kufa palepale. Alijua pia umetoka wapi, maana mayai ya tegu huyo hayatoki kwa mbwa peke yake, mbweha na fisi pia wanayo. Mdomo ukawa mzito kwa aibu, na daktari alikuwa ameshachana pakiti ya sindano.

"Usimchome, daktari! Huo ni mfuko wa tegu. Nimemletea mimi, kwa maji ya mabuti yangu."

Daktari akaiweka sindano chini. Mama Hadubini hakuthubutu kumtazama mumewe, alisikia tu kitanda kikilia. Mzee alikuwa anateremka, polepole, mkono ubavuni.

"Mke wangu," alisema akimpisha, "zile karoti si tulikula wote? Panda na wewe wakupime."