Uzi wa Ishirini na Moja

Mwanangu alikaa duniani mwaka mmoja na miezi minne bila jina. Kwenye kadi ya kliniki waliandika "mtoto wa kike" na jina la baba yake, na kila tulipokwenda kumpima uzito, muuguzi aliniangalia juu ya miwani akauliza kama jina bado. Bado, nikajibu. Kwa watu wa mume wangu, Wachagga wa huku juu migombani, binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Halichaguliwi wala halijadiliwi, lipo tu linamsubiri. Ila bibi mwenyewe hakulitoa, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya jina mtu aliye hai, amekaa hapo kwenye kigoda anakutazama.

Mimi si mtu wa mlimani. Nilizaliwa tambarare, kwenye kambi ya wakata miwa, na wazazi waliotoka nyanda za juu kusini kufuata kazi. Nikajifunza cherehani, nikapanga chumba Majengo, mtaa wa mjini, na hapo ndipo alipoingia kijana mmoja na koti lake lililoharibika zipu. Alikuwa anapandisha wageni Kilimanjaro. Zipu niliibadilisha kwa nusu saa, lakini yeye alikaa mpaka jioni.

Nilipojifungua nilipelekwa kwa mama mkwe, nikauguzwe uzazi miezi mitatu kama desturi yao. Siku zile nazikumbuka kama mtu akumbukavyo ndoto aliyoiota mchana. Manyunyu hayakukatika. Ukungu uliingia mpaka kizingitini, migomba ikawa inaonekana na kupotea, na nyuma ya zizi maji ya mfereji yalipita usiku na mchana yakisema jambo lile lile. Nililala, nikaamka, nikanyonyesha, nikalala tena, sijui kama ni asubuhi au alasiri. Kila nilipofumbua macho mama mkwe alikuwa amesimama hapo na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Hakukosa hata siku moja. Alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamnyoosha viungo, maana mtoto alikuwa mlegevu, shingo haikazi, na macho yake mazuri yalipanda kidogo kuelekea kwenye masikio. Lakini hakumwita. Alisema "huyu". Huyu amenyonya? Huyu amelala?

Alasiri moja alidhani nimelala. Jirani alikuwa amesimama upande wa pili wa ua wa masale, na mama mkwe akamwambia kwa Kichagga, ambacho wakati huo nilikielewa kiasi cha kutosha kusengenywa nacho, kwamba kwao watoto wa namna hii hawapo. "Haya yamekuja na miwa," akasema. Kisha akaingia ndani akanipa maziwa ya moto. Niliyanywa, nikamchukia huku nayanywa.

Tuliporudi mjini tulimpeleka mtoto hospitali kubwa. Walimpima moyo kwa mashine, wakasema mzima. Wakachukua damu yake ikapelekwa mbali, na majibu yalipokuja wakataka na damu yetu sisi wazazi. Tulisubiri wee, mpaka nikasahau kwamba tunasubiri. Nilikuwa nashona nguo za watu, mtoto amelala ndani ya tenga la vitambaa, na mara nyingine, mashine ikinguruma, niliona mbele yangu nyuzi nyingi fupi zikielea hewani, nikijaribu kuzipanga mbili mbili na moja ikinizidi kila mara.

Daktari aliyetuita alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alitandaza picha tatu mezani, kila moja ina vijiti vyeusi vilivyopangwa mistari. Akatueleza polepole, na mimi fundi nguo nikaelewa kuliko nilivyotegemea. Kila chembe ya mwili wa mtu ina nyuzi arobaini na sita, zinaitwa kromosomu, na ndani yake yameandikwa maelekezo yote ya kumtengeneza. Ni jozi ishirini na tatu. Katika kila jozi uzi mmoja umepewa na mama na mmoja na baba. Mtoto wetu alikuwa na sindromu ya Down, maana yake uzi wa ishirini na moja anao mara tatu badala ya mbili. Kwa watoto wengi wa hali hiyo, akasema, hutokea tu wakati yai au mbegu inapotengenezwa: jozi iliyotakiwa kuachana haikuachana. Hakuna aliyerithi, hakuna aliyekosea. Lakini kwa wetu, ule uzi wa tatu ulikuwa umeshikana na uzi wa kumi na nne, kama umeshonewa pale, na uzi wa namna hiyo unaweza kutoka kwa mzazi ambaye mwenyewe ni mzima kabisa.

Akasogeza picha ya mume wangu. Nyuzi arobaini na tano. Hakupungukiwa kitu, zile mbili zimekaa pamoja tu, na mwili wake haujui tofauti. Tatizo huja anapogawa nusu kwa mtoto, maana ule ulioungana unaweza kwenda pamoja na mwingine wa ishirini na moja. Picha yangu ilikuwa na arobaini na sita, zote mahali pake.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Mungu anisamehe, nilitamani kuitundika picha yangu ukutani pale Majengo ili wateja waisome. Mume wangu alizihesabu za kwake kwa kidole, akazirudia, kisha akasema, "Miaka yote nabeba mizigo ya wageni, kumbe na wangu ninao." Daktari akamuuliza kama mama yake aliwahi kupoteza mimba, au mtoto mchanga. Akajibu hapana, wao wamezaliwa wawili tu, yeye na dada yake.

Kesho yake yeye alipanda mlimani na wageni kwa siku saba. Mimi nikambeba mtoto mgongoni, nikaikunja ile karatasi ya majibu, nikaenda kwa mama mkwe. Kutoka barabarani kuna mwendo wa kupanda kati ya migomba, na ukungu ulikuwa umeshuka chini siku hiyo. Nilikwenda nikiyapanga maneno. Niliyasema kwa sauti, peke yangu, nikayabadilisha, nikayatia makali zaidi, na majani mapana yalinidondoshea maji shingoni kana kwamba yananiambia nipoe. Sikupoa.

Nilimkuta uani anachambua kahawa juu ya wavu wa kukaushia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikaiweka karatasi juu ya kahawa yake, upande wa picha.

"Haikuja na miwa, mama," nikasema. "Imetoka hapa."

Nikamweleza yote, nyuzi, jozi, uzi ulioungana, na mwanawe mwenye arobaini na tano. Nilitegemea ataniita mwongo. Badala yake alifuta vidole kwenye kanga, akaishika karatasi, akataka kuonyeshwa ni upi. Nikamwonyesha. Akautazama muda mrefu sana, mtoto akalala mgongoni kwangu, na kuku wakapanda juu ya wavu bila mtu wa kuwafukuza.

Ndipo akasimulia, macho yake hayatoki kwenye picha. Kabla ya wifi yangu na mume wangu kuzaliwa, alikuwepo msichana, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na macho haya haya na ulegevu huu huu, na akilia midomo inageuka bluu. Alipewa jina la bibi mzaa baba, kama ilivyo desturi. Hakuwahi kutembea. Siku walipomzika pembeni ya kihamba, shamba la ukoo, yule bibi aliyempa jina alisimama kaburini akamwambia yeye, mkwewe, mbele ya watu, umenizika ningali hai. Baadaye mimba mbili ziliharibika, na kila ilipoharibika akalikumbuka neno lile. Wanawe hakuwaambia kamwe.

"Ulipokuja wewe, mtu wa mbali," akasema, "nikasema moyoni, afadhali. Afadhali iwe ya kwenu."

Maneno yangu yote makali niliyoyapanga njiani yaliniishia. Nilikuja kushinda, na nilipoona nimeshinda nilijisikia vibaya, tena vibaya sana, kama mtu aliyempiga mgonjwa. Nikamwambia alivyosema daktari: si dhambi, si laana, si chakula alichokula wala neno alilotamka. Tena haijulikani kama uzi ule ulikuwa wake. Yawezekana kabisa ulikuwa wa marehemu baba mkwe. Hapo nusura acheke.

"Yule mzee? Angeambiwa hivyo angekufa mara ya pili."

Akauliza kuhusu moyo wa mtoto. Nikamwambia umepimwa, ni mzima. Akauliza tena. Nikarudia. Akanirudishia karatasi na kuendelea na kahawa yake, na jina hakulitaja.

Baada ya siku tatu akaja Majengo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye stuli ya wateja, hakutaka chai. Akatoa ndani ya kitenge jani moja refu la sale, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasubiri. Mimi masale nayajua ya uani na ya makaburini tu. Nikamshukuru, nikasema ni zuri, nikalitia kwenye kopo la maji kando ya cherehani, kama ua. Akalitazama lile kopo, akanitazama na mimi, akaaga.

Mume wangu aliposhuka mlimani, uso umebabuka kwa jua na baridi, aliliona kabla hata ya kuvua viatu. Akasimama. Akauliza ni nani ameleta sale hapa, nikamwambia ni mama yake. Akaketi chini. Ndipo akanieleza kwamba Mchagga anayekuletea sale anakuomba msamaha, na ukishalishika huwezi kumnyima. Kwamba hajawahi kusikia mama yake kumpelekea mtu yeyote, hata baba yake. Akaniuliza nililipokeaje.

"Nimelitia kwenye maji," nikasema.

Akafikiri. "Basi umelipokea. Hata linaishi."

Lakini sale ni la maneno, akasema, jina ni jambo jingine, na hilo hatuwezi kumwomba. Tukapanga ubatizo usharikani kwao. Kwenye daftari mume wangu aliacha nafasi wazi, akamwambia mwinjilisti jina litakuja siku yenyewe. Tulikubaliana sisi wawili kwamba mama akinyamaza, mtoto atabatizwa jina la mama yangu, na asubuhi ile nililiweka tayari mdomoni, nikiwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Nililitaka lile la huku. Nilitaka mwanangu asimame kwenye mstari wao, mahali pake, asiwe wa kuzidi.

Kanisani kulikuwa na mwanga mweupe wa ukungu madirishani, na kwaya iliimba taratibu mno, nikawa naona watu wote kwa mbali. Mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto mpaka mbele. Mtoto alimshika kidevu. Mchungaji akauliza mtoto huyu anaitwa nani. Mume wangu akanitazama, nikafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka mama mkwe akalitaja jina lake mwenyewe, kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

Mchungaji, anayemfahamu tangu enzi zake za kwaya, akainama kwa upole. "Mama, nauliza jina la mtoto."

"Ndilo hilo," akasema. "Na mimi bado nalitumia. Tutagawana."