Mtani Aliyemwinua Chura

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitakungoja. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Likasi, mchana wa jua kali, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Wapo wanaosema wafu hutembea usiku tu. Waulize wao walikutana nao lini.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ambayo kila kitu kilituponyoka mikononi. Mishahara ilikatika, maduka yalikuwa matupu, unaamka asubuhi unakuta jirani amefunga mizigo, amerudi kijijini kwao. Mimi nilibakiwa na kitu kimoja cha maana: motokari ya Kifaransa ya zamani aliyoniachia baba. Tuliiita Chura. Ukiizima inalala, tumbo karibu na ardhi. Ukiwasha moteri inainuka polepole, nyuma kwanza kisha mbele. Acha bwana, ile motokari ilikuwa nzuri! Watu wazima walikuwa wakisimama barabarani kuitazama ikiamka.

Basi, nikaletewa habari kwamba mama yangu, aliyekuwa akikaa kwa dada yake kando ya ziwa Tshangalele, amevimba tumbo na hali chakula. Muuguzi wa kule alisema asipofikishwa hospitali mjini upesi, tutampoteza. Malori yalikuwa hayapiti tena. Na Chura? Chura alikuwa kilema. Gurudumu la nyuma hushikwa na mkono wa chuma, na mkono ule huchezea juu ya beringi mbili. Beringi zile zilikuwa zimekwisha, gurudumu limeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukienda hivyo kwenye mashimo ya njia ya ziwani, gurudumu linakuaga katikati ya pori.

Niliufungua ule mkono, nikaufunga nyuma ya baiskeli, nikazunguka mji mzima. Beringi mpya hakuna. Za zamani hakuna. Nilipofika mtaa wa Panda nilikuwa karibu kulia, nakuambia ukweli. Ndipo nyuma ya karakana za zamani nikaona kibanda kimoja kiko wazi. Ndani alikaa mzee mwenye kombinezoni ya bluu, nguo ya mafundi, kando ya jiliwa la kubania vyuma, mikono magotini, kama mtu anayemngoja mgeni.

"Weye ni wa ukoo gani?" akaniuliza kabla hata ya salamu.

"Minye ni wa Mbuzi, papa."

Akapiga makofi. "Voilà! Minye ni wa Chui. Mbuzi amejileta yeye mwenyewe! Leta ile mukono, na usinililie apa, nitakukula na mapembe yako."

Unajua mambo ya utani? Kwetu, mtu wa Chui na mtu wa Mbuzi ni watani. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Kwa hiyo nikamjibu kwamba chui asiye na meno kazi yake ni kunywa uji. Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Lakini nilipomweleza habari ya mama, alivuta jiko la makaa.

Niamini, nimeona mafundi wengi, ila sijaona mikono kama ile. Aliupasha moto ule mkono wa chuma mpaka pete za beringi zikalegea, kisha akazitoa kwa mapigo mepesi, bila hasira. Akanionyesha pete moja. Upande mmoja ulikuwa na mifereji midogo iliyochimbwa na vyuma vinavyobingirika ndani yake. Pengine pote palikuwa panang'aa.

"Angalia muzuri," akasema. "Beringi ya gurudumu inazungukaka yote. Hii ya mukono, hapana. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, siku zote pahali pamoja. Donc, basi, inakulikaka pahali pamoja tu. Beringi yako haikufa. Tunaigeuza tu, inakanyanga pahali pazima."

Je, unaona akili hiyo? Aliosha kila kitu kwa mafuta ya mazuti, akazigeuza pete, akaupasha mkono moto tena, akazirudisha. Zilikuwa zinatoa moshi, naye anazishika kwa vidole vitupu. Nilijiambia ni sugu za kazi. Akakata ngozi ya mkanda mkuukuu kuzuia vumbi, akapaka grisi, akakata vipande vya bati la kopo la maziwa kuondoa uwazi uliobaki. Akipunguza kimoja, anajaribu. Akiongeza kingine, anajaribu tena. Mwishowe akaushika ule mkono katika jiliwa, akauinua, akauachia. Ukashuka taratibu, bila kutikisika. Nilitaka kumkumbatia.

"Nikulipe nini, papa?"

"Mama kwanza. Mambo yangu tutaona ukirudia, mbuzi weye."

Jioni ile nikaurudisha mkono kwenye Chura, na kesho yake, Ijumaa, nilikwenda ziwani. Tulimlaza mama kiti cha nyuma, nikawasha moteri, na Chura akainuka naye, polepole, kama anaogopa kumuumiza. Mashimo yote yale, gurudumu halikulalamika. Jioni, hospitali mjini, mama alipasuliwa. Daktari alisema angechelewa siku moja tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Jumamosi nikachukua samaki wakubwa wa ziwani, nikaenda Panda kushukuru. Kibanda kilikuwa na kufuli. Kwenye nyumba ya jirani nikakuta matanga, wanawake wameketi chini, wanaume wamesimama na majembe bila kufanya kitu. Kijana mmoja akaniuliza ukoo wangu. Nilipotaja Mbuzi, mama mmoja mwenye kitambaa cheusi akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Mungu wangu! Tuko nangoja Mbuzi tangu juzi. Bwana yangu alisemaka, bila mutani wake wa kufungua kaburi, tusimuzike. Na Bambuzi bote balisharudia ku mugini, kijijini kwabo."

Nikaingizwa ndani. Maiti alikuwa yeye, mzee wangu wa beringi.

"Alikufa lini, mama?"

"Alhamisi, asubui mapema."

Alhamisi mchana tulikuwa pamoja kando ya jiliwa. Mjane akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo limewagombanisha. Walimwosha vizuri asubuhi ile, kucha zote, na jioni wakakuta mikono yake imejaa grisi mbichi.

Nilikwenda kupiga jembe la kwanza la kaburi. Na kwa kuwa mimi ni mtani, nilipaswa kumtania. Nikamwambia, "Lala, chui mvivu, uji umekwisha," na watu wakacheka, nami nikalia huku nikichimba.

Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Chura ninaye mpaka leo. Lakini kuna jambo haliniachi. Mwili wa mzee yule ulikuwa umelala nyumbani, joto lile, karibu watu waanze kuziba pua, na mtu pekee wa kumfungulia kaburi nilikuwa mimi, niko mbele yake kando ya jiliwa. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Alimpisha mama yangu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Mtu akikutendea wema, usijipe siku mbili za kukumbuka kumshukuru. Rudi siku ile ile. Hujui amekuachia nafasi ya nani.