Msomaji wa Pili

Mkuu wetu wa maabara alinidhalilisha wakati wa chai ya saa nne, mbele ya wenzangu wawili waliokuwa na mandazi mdomoni. Nilikuwa nimemwambia kwa mara ya tatu kwamba kidole gumba changu cha kulia kimekataa kazi. Alikoroga chai yake polepole, akasema, "Nyinyi akina mama mnafua nguo Jumamosi nzima, halafu Jumatatu ni maabara imewaumiza." Wenzangu wakacheka. Mmoja alicheka hadi akapaliwa, na sikumpiga mgongo.

Nguo za nyumbani kwetu zilikuwa zikifuliwa na mume wangu. Kwa mwaka mzima sikuweza kukamua hata soksi, kwa hivyo kila Jumamosi yeye ndiye aliyeinamia karai nje ya nyumba yetu kule Lanet, na wanaume wa ploti, wapangaji wenzetu, wakipita wanamuuliza kama amekaliwa na mke. Alivumilia kicheko kwa ajili yangu. Sasa nami nikachekwa kwa kazi ambayo siifanyi. Nilimaliza chai yangu nikanyamaza. Wanaonijua wanajua kwamba nikipiga kelele hakuna neno, ila nikinyamaza ni heri mtu aanze kujitazama.

Watu wengi hudhani kazi ya maabara ni kuvaa koti jeupe na kukaa kitako. Kukaa wapi? Meza yetu ni ya saruji iliyobandikwa vigae, na chini yake kuna makabati ya chupa, hivyo magoti hayana pa kuingia. Unakaa upande juu ya stuli ya mbao, kiuno kikielekea mlangoni na shingo ikielekea hadubini. Slaidi moja ya malaria husomwa maduara mia. Duara ni kile jicho linachoona kwa mara moja, na ukimaliza moja unazungusha kifundo kidogo kando ya hadubini kwa kidole gumba ili slaidi isogee hadi jingine. Nakuru mjini malaria si nyingi, lakini mvua zikianza tunapokea watu kutoka Marigat na Baringo yote ya chini, na kila mwenye joto anatolewa damu. Trei inajaa kabla ya chakula cha mchana, inaondolewa, inajaa tena.

Nilikaa kwenye stuli ile miaka kumi na mmoja. Wenzangu walipewa mashine, ambazo wanazilisha chupa na kusubiri karatasi itoke. Mimi nilibaki na hadubini kwa sababu nilikuwa hodari, na mkuu alipenda kuwaambia wageni kwamba mimi ndimi jicho la hospitali. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Daktari alikuwa ameniandikia kwamba kano inayopita kando ya kidole gumba imevimba na inahitaji kupumzika. Niliomba tupokezane zamu, na niliomba kabati moja ling'olewe ili miguu ipate nafasi. Mkuu aliisoma barua ya daktari akaiweka chini ya kikombe chake, na ilipotoka pale ilikuwa na mduara wa chai.

Basi nikaanza kutafuta mahali pa kumshika, na nilipapata ukutani. Pale juu ya sinki kulikuwa na kanuni zetu, zimebandikwa tangu kabla sijaajiriwa. Kanuni moja ilisema kwamba kila slaidi iliyopatikana na vimelea, na moja katika kila kumi zisizo navyo, lazima isomwe tena siku hiyo hiyo na msomaji wa pili, na kwamba huyo msomaji asioneshwe jibu la kwanza. Msomaji wa pili alikuwa yeye, mkuu. Miaka yote nilikuwa nikimpelekea daftari likiwa na majibu yangu, naye ananakili majibu yale yale kwenye safu yake na kutia sahihi, huku anaongea na simu. Hakuwa ameketi kwenye hadubini tangu nikiwa mgeni pale.

Jumatatu iliyofuata sikumpa majibu. Nilimpelekea slaidi kwenye trei, zikiwa na namba tu, pamoja na karatasi tupu ya kujaza. Majibu yangu niliyatia kwenye bahasha nikampa mama mmoja mtulivu anayesimamia ubora wa kazi hospitalini, nikamwomba, kwa adabu zangu zote, awe analinganisha kila Ijumaa. Alishukuru sana. Alisema anatamani kila idara ingekuwa na mtu kama mimi.

Mkuu aliniita. Aliuliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana, nafuata tu kanuni, na kanuni yenyewe ina sahihi yake chini. Angebuni majibu angeumbuka Ijumaa, kwa hivyo hakuwa na la kufanya ila kuja kukaa. Siku ya kwanza alikuja akisukuma kiti chake cha ofisini, kile cha magurudumu. Kilikuwa kifupi, kidevu chake kikafika kwenye kigae kama mtoto mezani. Akakirudisha, akapanda stuli.

Sitajifanya kwamba sikufurahi. Wiki ya kwanza alikuwa anashuka akijinyoosha na kutania. Wiki ya pili utani ulikwisha. Wiki ya tatu nilimwona anasimama katikati ya slaidi, anashika shingo kwa mikono miwili na kuizungusha polepole, na uso wake ukawa na ule mkunjo ambao mimi nilikuwa nikiuona kwenye kioo cha bafu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikuwa nikirudi Lanet jioni namsimulia mume wangu jinsi alivyokuwa akigeuka mwili mzima kama fisi akitaka kutazama kando, na mume wangu anaacha kucheka kabla yangu. Siku moja aliniuliza kama kidole changu kimepata nafuu tangu nianze vita hivi. Nikamwambia hiyo si hoja.

Halafu Alhamisi moja mchana mkuu alinijia na slaidi mkononi. Alikuwa anatabasamu, na nilikuwa sijaona tabasamu hilo kwa wiki nyingi.

"Mama wa ubora amenifungulia bahasha. Hii umesema haina kitu," akasema. "Njoo uangalie."

Niliangalia. Vilikuwemo, vimelea viwili, wazi kabisa, pale karibu na duara la themanini. Ilikuwa slaidi ya mama mmoja wa Marigat aliyekuja kumtembelea binti yake mjini akaugua huko huko. Nilikuwa nimempa jibu asubuhi, nikamwambia malaria hana.

Mkuu alisimama nyuma yangu. "Ulisoma maduara ngapi?"

Ningeweza kusema mia. Hakuna mtu anayehesabu kwa niaba yako, ni wewe na kichwa chako tu. Lakini nilikuwa najua vizuri nilichokuwa nikifanya kwa miezi kadhaa. Kidole kilikuwa kikianza kuchoma kwenye duara la hamsini, na mimi nilikuwa nikijiambia kwamba jicho langu lina uzoefu, kwamba kama kitu kipo ningekuwa nimekwisha kukiona. Hata wiki hizo nilizokuwa nikimhukumu yeye kwa uvivu wake, mimi nilikuwa napita njia ya mkato.

"Sitini," nikasema.

Nilimpigia binti wa yule mama simu mwenyewe. Walirudi saa tisa. Mama alikuwa anatetemeka ndani ya sweta mbili, akapewa dawa, na alipokuwa akitoka alinishika mkono, huu huu wa kulia, akanishukuru kwa kumtafuta. Uliniuma hadi kwenye kiwiko na nikaona ninastahili. Nimewahi kuona haya maishani, lakini haya kama ya siku hiyo sijapata kuiona tena, na sitaki.

Kesho yake mkuu alinipa fomu ya kosa. Kwenye nafasi ya chanzo alikuwa ameandika neno moja, uzembe. Nilitia sahihi, kisha chini yake nikaandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za mtoto wa chekechea, kwamba niliripoti maumivu mara tatu na barua ya daktari iko kwake. Mama wa ubora alipiga fomu nzima picha kabla mkuu hajaikunja. Adhabu yangu ilikuja kwa barua. Nimeondolewa kwenye hadubini hadi itakapoamuliwa vinginevyo, nitakaa mapokezi nikiandikisha wagonjwa na kuwapa vikopo. Niliisoma mara mbili. Alikuwa ameniadhibu kwa kunipa pumziko nililomlilia mwaka mzima, na kwa kuwa wenzangu wawili walikuwa hawajashika hadubini tangu chuoni, msomaji wa kwanza sasa alikuwa yeye.

Alisoma kwa mwezi mmoja. Mwezi wa pili alikuja mapokezi, shingo imefungwa kitambaa, akaegemea kaunta yangu. Alitazama watu waliokuwa wakisubiri, kisha akaongea chinichini.

"Nisaidie leo tu. Trei moja. Hii shingo itaniua."

Nikafungua droo nikatoa barua yake nikaiweka mbele yake, nikamwonesha kwa kidole mstari unaosema hadi itakapoamuliwa vinginevyo, na nikamuuliza kama imeamuliwa. Angeweza kuamua pale pale, kwa kalamu iliyokuwa mfukoni mwake. Lakini kuamua kulikuwa na maana ya kuandika kwa nini niliondolewa na kwa nini narudi, na karatasi hiyo ingepita kwa mama wa ubora. Aliisukuma barua ikanirudia. Akaenda zake ndani, nikasikia stuli ikikwaruza sakafu, na nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi hadi masikio yakapata moto.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa shosho mmoja wa Molo mwenye fimbo. Nilimpa kikopo cha mkojo, akajaribu kukifungua akashindwa, akanirudishia.

"Nifungulie, daktari. Mikono ya uzee haina nguvu."

Nilishika kifuniko nikakizungusha. Kidole kikakataa. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto, kikopo kikateleza. Nilikibana kifuani, nikajaribu tena kwa mkono wa kulia, na machozi yakanitoka mbele ya foleni nzima. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Shosho alinitazama, akaegemeza fimbo yake kwenye kaunta, akakichukua kikopo mikononi mwangu, akakifunika kwa pindo la leso yake na kukifungua.

"Pole, mama," akasema, na akakishika kifuniko vizuri kisije kikaanguka.