Alama Iliyobaki kwenye Koti la Chef

Wakati wa Zaïre, chef, mukubwa wa avenue yetu, mutaa wetu kule Mususa, alimusimamisha papa wangu katikati ya soko, kwa sababu koti lake halikuwa na insigne. Insigne ilikuwa kachuma ka mviringo ka kubandika kwenye kola ya koti, pale kifuani, rangi yake ngumu na ya kung'aa kama sahani ya emaye, ile ya bendera ya Zaïre: kijani, duara la njano, na mukono ulioshika mwenge. Chef mwenyewe hakuivua hata kanisani. Akaelezea batu kwamba ule moto mwekundu ni damu ya mashujaa, na anayeusahau atafundishwa. Papa akaamriwa anyanyue mukono hewani kama ule wa bendera, akakaa hivyo mpaka mvua ikanyesha. Batoto niliosoma nao bakacheka.

Mimi ni mutu wa kucheka pia, wa kuota atelier yangu ya kushona yenye kioo kikubwa barabarani. Mais ile siku niliiweka moyoni.

Vita ikapita, Zaïre ikafa, bendera ikawa ya bluu. Asubuhi moja chef akaja kwenye mashine yangu ya kushona, akitabasamu, insigne mpya mukononi. Bila kuulizwa akanieleza: bluu ni amani, nyota sita ndogo ni provinces za zamani, ile kubwa ni sisi wote pamoja. Kesho yake alitakiwa Beni, awaambie wakubwa wapya kwamba tangu zamani alichukia mwenge. Wakimwamini, atabaki chef.

Shida ilikuwa koti, na alikuwa nalo moja tu. Jua lililifubaza lote, ila pale mwenge ulipokaa miaka yote palibaki duara jeusi. Insigne mpya ilikuwa nyembamba, ya pembe nne. Haikulifunika.

"Ma fille, utanifichia hii?"

Kugeuza kitambaa cha kola, cha ndani kije nje, ni kazi ndogo, naifanya huku naimba. Nikapapasa koti, nikasikitika kama mutu aliye kwenye kilio.

"Hapana, papa chef. Kitambaa kimechoka, kitapasuka. Mais uvae tu, nani ataangalia?"

Nikamubandikia insigne mimi mwenyewe, kando kidogo ya duara, vyote vionekane vizuri.

Waliopanda naye camion ndio walituhadithia. Kule Beni askari mumoja aliweka kidole juu ya duara, akauliza hapa alikuwa anaishi nani. Chef alirudi bila koti, bila uchefu.

Nilicheka mpaka nikashindwa kuingiza uzi kwenye sindano. Jioni papa, akiwa anakula, akaniuliza kama kweli ile alama haikuweza kufichwa.

"Iliweza, papa."

Akaomba nimuongezee bugali na sombe.