Kaseti ya Fundi Mbonea: niliibeba miaka zaidi ya ishirini bila kuikata uzi

Wakuu, habari za mihangaiko. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi nakusanya muziki wa ajabu. Namaanisha ule wa mashine na umeme, hauna mwimbaji, mtengenezaji anatoa nakala chache na cover anatengeneza kwa mkono. Ninazo zilizofungwa kwa khanga, kwa bati, hadi kwa magome ya mgomba.

Ya kwanza kabisa niliipata Same stendi. Nilikuwa nimemaliza form four, nauza karanga kwenye mabasi.

Fundi redio mmoja wa Mamba, kule juu milima ya Upare, anaitwa Mbonea, alishuka na kaseti kumi na mbili. Kila moja imeshonewa ndani ya kipande cha gunia la tangawizi kwa uzi wa katani, pande zote nne. Haina mlango.

Akanipa moja. "Ukitaka kusikiliza, kata."

Sikukata. Niliona nitaiharibu. Nimeishi Tunduma, Mwanza, Dar, sikai mahali, lakini ile kaseti haikuwahi kukosa kwenye begi.

Mwaka jana nikapanda Mamba nimwonyeshe fundi jinsi nilivyoitunza. Nikaambiwa alishafariki.

Nikamkuta mkewe, Mama Nakijwa, anachambua tangawizi uani. Nikamwamkia, nikatoa kaseti.

Akapitisha kidole kwenye mshono. "Hizi nilishona mimi. Zetu zote ziliazimwa, hazikurudi. Bado inasikika?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoona aibu.

"Mama, sijawahi kuisikiliza."

Alicheka mpaka tangawizi ikamdondoka. "Kumbe mwanangu umezunguka nchi nzima na gunia."

Halafu akaigeuza kaseti mkononi. Akasema sauti ya mumewe hana popote, hata kwenye simu. Kama ipo, ipo humo.

Mnaokusanya vitu mnanielewa. Ilikuwa ndiyo nakala pekee ninayoijua ambayo haijafunguliwa. Na mkanda wa miaka yote hiyo ungeweza kuwa umeshaganda, nikakosa vyote viwili, mshono na sauti.

Akaniletea wembe. "Kata wewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona."

Nikakata.

Redio kaseti ya marehemu bado ilikuwa nzima. Nikauzungusha mkanda kwa kalamu, taratibu, nikabonyeza.

Mvumo mtupu. Nikamwangalia mama.

"Tulia, ndivyo inavyoanza."

Ukaja mngurumo wa mashine ya kusaga, umepunguzwa mwendo. Juu yake redio inapiga mluzi katikati ya stesheni, na kinanda cha betri kinagonga noti moja tu. Nimesikiliza mengi wakuu, lile lilinisimamisha nywele.

Kisha mtu akakohoa. Sauti ya mwanaume, kwa Kipare, ikamwambia mtu afunge mlango, kelele za nje zinaingia.

Mama Nakijwa akainuka, akaenda kufunga mlango.

Tukasikiliza mpaka mwisho. Nikamrekodia kwenye simu yake, na kwenye memori kadi akaificha kabatini.

Kisha akaishona kaseti upya. Katani hakuwa nayo, akatumia uzi wa bluu wa sare za shule, akanirudishia.

Jamaa mmoja mkusanyaji akaniambia nimeiharibu, sio original tena. Mimi naiona ndiyo ya thamani kuliko zote nilizonazo, imeshonwa mara mbili na mkono uleule.

Nilichojifunza: niliitunza vizuri sana, ila nusu ya kuitunza ilikuwa kuisikiliza.

Nanyi wakuu, kabatini mna kitu gani mnaogopa kukifungua? Tiririkeni, nasoma zote.